Bata Bukini, Nguchiro na Mkasi: Wasomaji Wanauliza Kuhusu Wingi wa Kiingereza

Katika toleo lililopita safu hii ilijibu swali juu ya wingi wa maneno ya ngeli ya U, kama vile "ufunguo" na "ukuta". Sikutarajia kwamba jibu hilo lingewapeleka wasomaji kwenye Kiingereza, lakini barua nyingi zilizofika baada ya hapo ziliuliza jambo moja kwa sura mbalimbali: kwa nini lugha ambayo wingi wake unaonekana kuwa ni wa kutia herufi moja tu mwishoni mwa neno huwasumbua hata watu walioisoma kwa miaka kumi na zaidi? Nimechagua barua sita. Nimezifupisha, na mahali pengine nimenyoosha maandishi bila kugusa hoja ya mwandishi.

Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, Tanga. Tumefundishwa kwamba wingi wa "goose" ni "geese" na wa "mouse" ni "mice". Nilipoandika "mongeese" kwa maana ya nguchiro wengi nilikatwa alama, na rafiki yangu aliyeandika "hice" kwa maana ya nyumba nyingi alichekwa na darasa zima. Je, kuna kanuni hapa, au tunakariri tu?

Marahaba, mwanangu. Kanuni ilikuwapo, na ilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba iliacha kufanya kazi zamani sana, na ninyi mnapewa maneno machache yaliyobaki nayo bila kuelezwa yalikotoka.

Njia fupi ya kuielewa inapitia kinywani mwako mwenyewe. Umoja ni "jino" na wingi ni "meno"; umoja ni "jiko" na wingi ni "meko". Hakuna aliyekufundisha kwamba katika wingi i hugeuka e, wala kanuni ya namna hiyo haipo. Kilichotokea ni kwamba shina ni "-ino", kiambishi cha wingi ni "ma-", na ile a ilipokutana na i zikaungana zikawa e. Leo anayesema "meno" hasikii tena "ma" na "ino" ndani yake. Anasikia neno zima ambalo irabu yake si ile ya umoja.

Katika Kiingereza, jambo lenye undugu na hilo lilitokea karne kadhaa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066. Neno la mguu lilikuwa na o ndefu, na katika wingi irabu hiyo ilifuatwa na silabi yenye i. Ulimi wa msemaji, ukijiandaa kuitamka i inayokuja, ulianza kusogea mbele mapema, ukaivuta ile o pamoja nao. Baadaye i ya mwishoni ikaanguka, lakini irabu iliyokwisha kuvutwa haikurudi ilikotoka. Ndiyo maana maandishi ya Kiingereza cha Kale yana "fot" kwa mguu mmoja na "fet" kwa miguu mingi, "gos" na "ges" kwa bata bukini, "mus" na "mys" kwa panya.

Maneno ya kundi hili yalikuwa mengi kuliko leo. Kitabu kimoja kiliitwa "boc" na vitabu viliitwa "bec", ila neno hilo baadaye lilihamia kwenye "s" pamoja na wenzake wengi. Yaliyobaki ni saba tu, yaani "man", "woman", "foot", "tooth", "goose", "mouse" na "louse", pamoja na yale yanayoundwa kutokana na hayo, kama "policeman". Ukiyatazama, utaona kwamba ni maneno ya nyumbani kwa mkulima: watu, viungo vya mwili, ndege wa kufugwa, panya na chawa. Neno linalotajwa kila siku halipati nafasi ya kusahauliwa namna linavyosemwa. Nikumbushe pia, kwa kuwa makosa haya nayasikia hata redioni, kwamba "women" hutamkwa "wimin", si "womeni".

Sasa tuyaone yale maneno yenu mawili, la nyumba na la nguchiro. Neno "house" halikuwamo kamwe katika kundi la "mouse", hata kama leo yanaimbana. Katika Kiingereza cha Kale lilikuwa "hus", nalo lilikaa katika kundi ambalo umoja na wingi vilifanana, kwa hiyo nyumba moja ilikuwa "hus" na nyumba mia moja zilikuwa "hus", kama sisi tunavyosema hadi leo nyumba moja, nyumba mia. Wenzake katika kundi hilo ni "sheep" na "deer". Baadaye "house" likajitoa na kuchukua "s", wanyama wale wakabaki walipokuwa. "Mongoose" naye, yaani nguchiro, ni mgeni kabisa: jina lake limetoka katika lugha ya Kimarathi ya India, ambako hutamkwa karibu na "mangus", na liliingia Kiingereza wakati ile kanuni ya irabu imekwisha kufa miaka mingi. Silabi yake ya mwisho kufanana na jina la bata bukini ni bahati tu ya tahajia. Andika "mongooses". Kwa sababu hiyohiyo wingi wa "German" ni "Germans" na wa "human" ni "humans", kwa kuwa "man" iliyomo humo si yule "man" wa Kiingereza cha Kale.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha darasa la tano mjini Morogoro. Vitabu vyetu vinasema maneno yanayoishia na "ch" huongezewa "es", lakini mtoto mmoja aliniuliza mbona "stomach" ni "stomachs", nikakosa la kumwambia. Vilevile "knife" ni "knives" lakini "roof" ni "roofs". Nifundisheje?

Huyo mtoto mpe zawadi, kwa sababu amegundua kwamba kitabu kimeiweka kanuni kichwa chini. Kinaanza na herufi, ilhali kanuni ya wingi wa Kiingereza ni ya sauti, na herufi hufuata nyuma. Mwingereza akitaka kutia sauti ya "s" baada ya neno ambalo lenyewe linaishia na sauti ya s, z, sh, ch au j, ulimi unakwama, basi anaweka irabu fupi katikati: "bus" yenye silabi moja inakuwa "buses" yenye silabi mbili, na vivyo hivyo "box", "dish" na "church". Katika "stomach" na "monarch" zile herufi mbili za mwisho hutamkwa k, ulimi haukwami, na "s" peke yake inatosha. Mwambie mtoto atamke neno kwanza, kisha aandike.

Ukiwa bado kwenye sauti, waonyeshe jambo ambalo sisi hatulifundishi vya kutosha. Herufi ni "s", lakini sauti ni tatu. Katika "cups", "cats" na "books" ni s halisi. Katika "beds", "dogs", "pens" na "days" ni z. Katika "buses" na wenzake ni "iz". Kinachoamua ni sauti ya mwisho ya neno: ikiwa ni ghuna, yaani ya kutikisa koo, wingi nao unakuwa ghuna. Waambie watoto waweke vidole viwili kooni, watamke sss na kisha zzz. Mtikisiko watausikia wenyewe. Darasa zima likifanya hivyo kwa pamoja chumba kinavuma kama mzinga wa nyuki, lakini somo halisahauliki. Wengi wetu tunatamka s kila mahali, na ingawa tunaeleweka, tunapomsikiliza mtu wa huko tunashindwa kuisikia ile z na kudhani ametaja kitu kimoja.

Kuhusu "knife" na "roof", rudi tena kwenye Kiswahili. Umoja ni "ulimi" na wingi ni "ndimi". Ile l imekuwa d kwa sababu imeguswa na n, si kwa sababu nyingine. Katika Kiingereza cha Kale, f iliyokaa katikati ya irabu mbili, au kati ya l na irabu, ilitamkwa v, hata kama iliandikwa f. Wingi ulikuwa unaongeza silabi nzima, kwa hiyo f ya mwishoni mwa umoja ilijikuta katikati, ikalainika. Silabi hiyo leo haisikiki, lakini v imebaki: "knives", "wives", "lives", "leaves", "loaves", "halves", "calves", "thieves", "wolves", "shelves". Maneno yaliyokuja baadaye kutoka Kifaransa hayakupitia hali hiyo, ndiyo maana tunaandika "chiefs", "chefs", "proofs" na "giraffes". Kwa bahati mbaya "roof" si la Kifaransa. Ni la Kiingereza tangu asili, na lilipaswa kufuata wenzake, lakini halikufuata. Hapo huna budi kumwambia mtoto akariri. Kwa "hoof", "scarf" na "dwarf" mwachie achague, kwa kuwa maandishi sanifu yanakubali f na v.

Yale ya "y" yasikuchukulie kipindi kizima: konsonanti ikitangulia, "baby" inakuwa "babies", irabu ikitangulia, "boy" inakuwa "boys". Majina ya watu hayaguswi, hivyo familia ya Kennedy ni "the Kennedys". Na yale ya "o" ni kero kweli. "Potatoes", "tomatoes" na "heroes" yana "es", ilhali "photos", "kilos", "pianos" na "radios" hayana. Yaliyofupishwa, kama "photo" na "kilo", na yale ambayo irabu nyingine inatangulia o, kama "radio", huchukua "s" tu. Maembe unaweza kuyaandika "mangoes" au "mangos", na hakuna mkaguzi atakayekusumbua.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Nairobi. Mdogo, wa miaka minne, alikuwa akisema "feet" vizuri kabisa. Sasa anasema "foots" na "childrens", na jirani ananiambia anarudi nyuma. Je, nimrekebishe?

Dada yangu, mtoto wako anasonga mbele. Aliposema "feet" mwanzoni alikuwa anaiga neno zima kama alivyolisikia, bila kujua lina uhusiano gani na "foot". Sasa amegundua kwamba katika lugha hii wingi huundwa, na anaunda. Mjukuu wangu, anayesema Kiswahili tu, aliwahi kuniambia kwamba "majino" yake yanauma. Hakuna mtu mzima aliyewahi kumwambia neno hilo. Alilitengeneza mwenyewe, kwa kanuni sahihi, mahali ambapo kanuni haifanyi kazi.

Mwaka 1958 Jean Berko, mtafiti wa Kimarekani, alitangaza utafiti uliothibitisha jambo hili kwa njia rahisi ya kupendeza. Aliwachorea watoto kiumbe mfano wa ndege, asiyekuwapo duniani, akawaambia anaitwa "wug". Kisha akawaonyesha wawili, akawaacha wamalizie sentensi. Watoto walisema "wugs", tena kwa sauti ya z inayostahili, ingawa neno hilo hawakuwahi kulisikia kwa mtu yeyote. Waliloshindwa wengi wao ni kuongeza "iz" kwa maneno ya kubuni yaliyoishia na sauti kama s, hata wale ambao tayari walijua kusema "glasses". Silabi ile ya ziada ndiyo huchelewa.

Basi usimkatize wala kumcheka. Akisema "my foots", mjibu tu, "Yes, your feet are wet", na uendelee kumfuta maji. Sikio lake litafanya kazi iliyobaki.

"Childrens" inastahili maelezo ya peke yake, kwa sababu mwanao amefanya kosa ambalo Waingereza wenyewe walilifanya kabla yake. Katika Kiingereza cha Kale mtoto alikuwa "cild" na wingi wake ulikuja kuwa "cildru", ambao baadaye ulitamkwa "childre". Hapo tayari palikuwa na wingi. Lakini watu walizoea kusikia wingi mwingine unaoishia na "en", kama ule wa "oxen", wakaona neno lao halijatimia, wakaliongezea: "children". Neno hilo lina wingi mara mbili, r moja na "en" moja, na mtoto wako ametia wa tatu. Sisi tusiwacheke Waingereza, kwa kuwa "soksi" tuliichukua kwao ikiwa na alama yake ya wingi mwishoni, tukaifanya kitu kimoja, na leo wako wanaosema "masoksi".

Kipo kisa kinachoonyesha jinsi "en" na "s" zilivyoshindana. Mwaka 1490 William Caxton, mtu wa kwanza kuendesha mtambo wa kuchapa vitabu nchini Uingereza, alisimulia habari za wafanyabiashara waliokuwa katika jahazi kwenye mto Thames wakielekea Zeeland, upande wa pili wa bahari. Upepo ulikosekana, wakashuka pwani kutafuta chakula. Mmoja wao akaingia katika nyumba moja, akaomba chakula, na zaidi ya yote akaomba "egges", yaani mayai. Mama mwenye nyumba akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Yule bwana akakasirika, kwa kuwa naye pia hakujua neno hata moja la Kifaransa. Alitaka mayai, na hakueleweka. Mwishowe mwenzake akasema anataka "eyren", na hapo mama akasema amemwelewa vizuri. Wote wawili walikuwa wanaomba mayai kwa Kiingereza. Neno la mama lilikuwa na ile r na ile "en" tunazoziona katika "children", na la mfanyabiashara lilikuwa na "s". Kama "eyren" lingeshinda, kifungua kinywa cha hoteli zetu kingeandikwa kwa namna nyingine.

Mheshimiwa, mimi ni karani wa ununuzi katika kampuni moja Mombasa. Mkuu wangu alinirudishia ripoti ikiwa na duara nyekundu juu ya "equipments", "furnitures" na "informations". Vifaa tulivyonunua ni vingi, viti ni vingi, taarifa ni nyingi. Kosa langu liko wapi?

Ndugu karani, hii ndiyo barua niliyoisubiri, kwa sababu "geese" na "oxen" huulizwa zaidi kwenye mitihani, lakini "equipments" humfuata mtu ofisini mpaka anastaafu. Mimi mwenyewe nilipokuwa karani kijana niliandika barua ya kumshukuru mgeni mmoja "for your advices". Alinijibu kwa wema mwingi, na ndani ya bahasha akarudisha nakala ya barua yangu ikiwa na "s" moja iliyokatwa kwa penseli. Aliikata taratibu, kistari kimoja chembamba. Ningependelea anitukane.

Kosa lako limetokana na kufikiri sawasawa kwa Kiswahili. Sisi tuna kifaa na vifaa, mzigo na mizigo, mkate na mikate, unywele na nywele. Kiingereza kimeyaweka "equipment", "luggage", "bread" na "hair" katika fungu moja na mchanga, unga na maji: vitu vinavyopimwa, si vinavyohesabiwa. Kwa Mwingereza "equipment" si jina la kifaa kimoja. Ni jina la shehena yote, iwe ni mashine mia au nyundo moja. Ndiyo sababu huwezi kusema "an equipment" wala "two equipments", na kitenzi kinachofuata hubaki cha umoja: "the equipment is new", "the furniture was delivered".

Usidhani kwamba utaratibu huo ni wa ajabu. Hata sisi tunao, ila tumechora mpaka mahali pengine. Hatusemi "misukari" tunapoona magunia kumi ya sukari. Tuna maji, maziwa na mafuta, ambayo yamevaa kiambishi cha wingi na hayana umoja wake. Mpaka wenyewe hauna mantiki sana popote. Ukimwaga maharage na mchele kwenye ungo mmoja, Mwingereza atahesabu "beans" na kukataa kuhesabu "rice", na wewe vilevile utasema haragwe moja lakini kwa mchele utahitaji neno "punje". Kwenye ungo tumekubaliana naye. Kwenye ghala la vifaa tumeachana.

Namna ya kujinasua ni kutafuta hilo neno la "punje". Kiingereza hutumia zaidi "piece" na "item": "three pieces of equipment", "two pieces of luggage", "a piece of advice", "an item of furniture". Mikate miwili ni "two loaves of bread", na chaki mbili za mwalimu ni "two pieces of chalk". Lakini katika ripoti ya ununuzi ningekushauri njia iliyo bora zaidi, yaani kuvitaja vitu vyenyewe. Badala ya "five furnitures" andika "four chairs and one desk". Mkuu wako hatapata pa kuweka duara, na mkaguzi wa hesabu atajua kilichonunuliwa.

Katika fungu hilo weka pia "evidence", "homework", "research", "knowledge", "machinery" na "traffic". "Staff" lina mtego wake: wafanyakazi wa ofisi moja, hata wakiwa mia mbili, ni "staff", na mmoja wao ni "a member of staff". "Polisi" nalo limetuchanganya, maana kwetu polisi anaweza kuwa mmoja, ilhali "police" kwao ni wingi siku zote. Polisi mmoja ni "a police officer", na tunaandika "the police are", kama tunavyoandika "the cattle are". "News", kinyume chake, ina "s" mwishoni lakini ni umoja: "the news is good".

Watafiti wa Kiingereza kinachosemwa nje ya Uingereza wameyaandika haya ya "furnitures" na "equipments" kuwa ni tabia ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, na pia cha Afrika Magharibi na sehemu za Asia. Wapo wanaosema kwamba kwa hiyo tusiyaite makosa tena. Mimi nakubali kwamba tukiwa wenyewe kwa wenyewe yanaeleweka, na sitamsahihisha mtu barazani. Lakini zabuni yako itasomwa na mtu asiyekujua, ambaye ana zabuni nyingine thelathini mezani na anatafuta sababu ya kuzipunguza. Usimpe.

Nasoma shahada ya uzamili, Kampala. Msimamizi wangu hukataa "the data is" lakini magazeti huiandika. Na je, pweza wengi ni "octopi"?

Sisi tulipochukua "kitabu" kutoka Kiarabu hatukuchukua wingi wake, "kutub". Tuliiona ile "ki" tukaidhania kiambishi, tukasema "vitabu", na mambo yakaisha. Baadaye tukaifanyia vivyo hivyo "kipilefti", ambayo wingi wake barabarani ni "vipilefti". Wasomi wa Kiingereza hawakuwa na ujasiri huo. Walipochukua maneno ya Kilatini na Kigiriki walichukua mara nyingi na wingi wake: "criterion" na "criteria", "phenomenon" na "phenomena", "bacterium" na "bacteria", "analysis" na "analyses", "alumnus" na "alumni".

Baadhi ya maneno hayo yamekwisha kuzoea. "Agenda" lilikuwa wingi wa Kilatini, na leo ni umoja wenye wingi wa "agendas" bila mtu kulalamika. "Data" liko njiani. Asili yake ni wingi wa "datum", na katika maandishi ya kisayansi wengi hushika "the data are". Nje ya hapo "the data is" inakubalika. Msimamizi wako ndiye atakayetia sahihi tasnifu, kwa hiyo mfuate. Kwa "criteria" na "phenomena" yuko sahihi bila mjadala: moja ni "criterion", na "a criteria" ni kosa.

Pweza andika "octopuses". Neno hilo ni la Kigiriki, lenye maana ya mwenye miguu minane, na ile "us" ya mwishoni si ile ya Kilatini inayogeuka "i". Anayeandika "octopi" amejitahidi kuonekana msomi katika lugha ambayo neno halikutoka, ingawa kamusi nyingi zimeshamwandikia. "Virus" nalo ni "viruses".

Mwalimu, mimi ni fundi cherehani, Unguja. Nimeagiza bango lenye maneno "MENS TROUSER'S & LADIES DRESS'S". Mteja mmoja amesema limekosewa. Mchoraji anatoza kwa herufi, na kile kidoti cha juu anakihesabu kama herufi. Nirekebishe nini, na gharama itaongezeka kiasi gani?

Fundi, mteja wako amesema kweli. Tuanze na suruali. Wewe unakata suruali moja kwa mkasi mmoja, lakini Mwingereza aliitazama suruali akaona miguu miwili, akautazama mkasi akaona makali mawili, akaamua kwamba vyote ni wingi hata kikiwa kimoja: "trousers", "scissors", na miwani ya kushonea ni "glasses". Kimoja ni "a pair of". "A trouser" husikika madukani, lakini usiiandike kwenye bango.

Kile kidoti ni alama ya kumiliki, na wingi wa kawaida hauihitaji kamwe. Suruali zako hazimiliki chochote, basi kiondoe hapo, na "dress", kwa kuwa inaishia na sauti ya s, iongezee "es" kama "buses". Wanaomiliki ni wanaume na wanawake. "Men" ni wingi uliokamilika bila "s", kwa hiyo kidoti kinakaa kabla ya "s": "MEN'S". "Ladies" tayari lina "s" ya wingi, na kidoti kinakaa baada yake: "LADIES'". Bango lisomeke hivi: MEN'S TROUSERS & LADIES' DRESSES.

Vidoti vilikuwa viwili na vimebaki viwili, vimehama tu. Herufi iliyoongezeka ni moja, ile E ya pili katika DRESSES, na hiyo mlipe.